Miradi ya vijiji haifi Bungeni, inafia kwenye mapitio ya nusu mwaka

#1 Mchumi wa Kata

Wakuu, salaam.

Kila Juni hotuba ya bajeti ikisomwa tunakesha humu tukibishana trilioni. Ya 2024/25 ilikuwa Sh trilioni 49.35, ya 2025/26 Sh trilioni 56.49. Mmoja anagawa kwa idadi ya Watanzania, mwingine kwa idadi ya mikoa, uzi unakwenda kurasa na kurasa. Halafu inafika Januari, mwezi ambao boma (jengo la kuta tupu lisiloezekwa) la zahanati ya kijijini kwenu linatolewa kwenye orodha, na hakuna anayefungua uzi. Basi huu hapa.

Nimekaa ofisi za mipango kwenye halmashauri kadhaa, sitazitaja. Ninachotaka kusema ni kimoja: mradi wa kijiji ukishaingia kwenye kitabu cha bajeti, hatari yake kubwa haiko Dodoma tena. Iko kwenye marekebisho yanayofanyika katikati ya mwaka wa fedha, kwenye kikao ambacho wanakijiji hawakijui na pengine diwani wao alifika amechelewa.

Halmashauri inaendeshwa kwa ruzuku ya Serikali Kuu, fedha za wahisani na mapato ya ndani. Mishahara ya watumishi wengi inatoka Hazina. Mradi mdogo wa kijiji, yaani kupaua darasa, kumalizia nyumba ya mwalimu au kuweka madirisha ya zahanati, mara nyingi unaegeshwa kwenye mapato ya ndani. Na mapato ya ndani, wakati bajeti inapitishwa, ni makisio tu. Yanakisiwa Januari au Februari kwa ajili ya fedha zitakazoanza kukusanywa Julai. Tena yanavutwa juu. Mkurugenzi akipeleka lengo dogo kuliko la mwaka jana anahojiwa mpaka alipandishe. Kwa hiyo kuna miradi inayoingizwa PlanRep, mfumo wa serikali wa kuandalia mipango na bajeti, huku kila mtu ofisini anajua haina fedha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri imekisia bilioni 3. Ikifika 31 Desemba zimeingia bilioni 1.1. Mweka hazina anapiga hesabu, anaona hadi Juni zitafika bilioni 2.3, Mungu akipenda. Pengo ni milioni 700. Linakatwa wapi?

Mwongozo wa bajeti unataka halmashauri ipeleke asilimia fulani ya mapato yasiyolindwa kwenye maendeleo, na zenye makusanyo makubwa zipeleke zaidi. Mapato yasiyolindwa ni yale yanayobaki ukishaondoa fedha zenye kazi maalumu, mfano michango ya huduma za afya. Kwa hesabu ya karatasi, pande zote mbili zingepungua kwa uwiano. Lakini upande wa matumizi ya kawaida kuna posho za vikao, kuna vijana wa mkataba wanaolipwa na halmashauri yenyewe, kuna mafuta, umeme, matengenezo ya magari. Hayo yameliwa tangu Julai. Posho ya Agosti hairudi. Kwa hiyo karibu pengo lote linabebwa na maendeleo, na ndani ya maendeleo linabebwa na miradi ambayo haijaanza. Iliyoanza ina mkandarasi, mkandarasi ana mkataba, na mkataba una riba ya kuchelewesha malipo. Boma la kijiji halina mkataba wa mtu.

Ukipata kabrasha la mapitio ya nusu mwaka, tafuta jedwali lenye safu za mradi, bajeti iliyoidhinishwa, fedha iliyopokelewa hadi 31 Desemba, bajeti iliyorekebishwa na maelezo. Utakuta "Ukamilishaji wa boma la zahanati", 50,000,000, sifuri, sifuri, na kwenye maelezo: "Mradi utatekelezwa mwaka wa fedha ujao." Mwaka ujao una ukomo wake wa bajeti, una ahadi zake mpya na pengine una diwani mpya. Boma linaanza foleni upya.

Madiwani, watendaji, mafundi mliomo humu, jazieni nyama.

#2 Bazazi Mstaarabu

Mkuu maelezo mareeefu ya nini? Hela zinaliwa. Nukta.

#3 Mchumi wa Kata

Zinazoliwa zipo, na CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) anazitaja kila Aprili ripoti ikiwekwa mezani Bungeni. Lakini tofautisha, ndugu yangu. Fedha iliyoliwa inaacha hoja ya ukaguzi, mtu anaitwa, baraza maalumu la hoja linakaa, mkuu wa mkoa anakuja. Fedha iliyohamishwa kwa kufuata taratibu inaacha muhtasari wa kikao wenye sahihi zote. Mkaguzi akifika anapewa faili, anaona Kamati ya Fedha ilikaa, Baraza likaridhia, kibali kikaombwa. Anafunga faili. Kijiji kimepoteza zahanati na hakuna aliyekosea popote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wizi, maana wizi una pa kushtakiwa.

#4 VEO wa Mlimani

Mkuu Mchumi, umenigusa penyewe. Mimi ni mtendaji wa kijiji, ndiye ninayesimama mbele ya mkutano mkuu kila robo mwaka kusoma mapato na matumizi.

Sisi tunaambiwa hivi: pandisheni boma kwa nguvu zenu mpaka lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), serikali itaezeka. Wananchi wanasomba mawe na mchanga, kila kaya inachanga, wanafyatua na kuchoma tofali wenyewe. Boma linafika lenta. Naandika barua, inajibiwa kwamba mradi umo kwenye bajeti. Natangaza mkutanoni, watu wanapiga makofi. Halafu kimya. Kwamba ulitolewa Januari nilikuja kuambiwa na diwani tukiwa msibani, wakati watu wanasubiri maziko. Barua sijapewa mpaka leo.

Mvua za masika mbili zimelipiga lile boma. Kozi mbili za juu za tofali zimemomonyoka, mbao za lenta zilishachukuliwa na mtu asiyejulikana, na ndani chumba cha kujifungulia kimeota mibono. Mwaka huu nimeitisha mchango wa choo cha shule. Mzee mmoja akasimama, akaniuliza taratibu tu: "Mtendaji, kwanza lile la zahanati limefikia wapi?" Mkutano ukaisha palepale.

Hiyo ndiyo gharama ambayo haimo kwenye jedwali lako, mkuu. Milioni 50 ikihamishwa, nguvu za wananchi za miaka mitano mbele zimehamishwa nayo.

#5 Fundi wa Wilaya

Naunga mkono hoja ya VEO, ila niongeze upande wa ujenzi, maana watu wa mipango wanadhani mradi ukiahirishwa unabaki vilevile unasubiri.

Haubaki. Boma lililokaa misimu miwili bila bati si boma lile tena. Nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo zimeshika kutu, tofali za kuchoma zisizoiva vizuri zimeanza kulika, kozi za juu lazima zivunjwe na kujengwa upya. Makisio ya gharama yaliyoandaliwa Februari mwaka juzi hayana maana tena. Saruji imepanda, bati zimepanda, usafiri umepanda. Lakini kiwango cha ukamilishaji kinachotumika ni kilekile cha jumla: Sh milioni 12.5 kwa boma la darasa, Sh milioni 50 kwa boma la zahanati. Nikipeleka makisio yanayosema zahanati hii sasa inataka milioni 68, naulizwa kwa nini jirani amemaliza kwa 50. Jirani yuko kando ya lami!

Mnakumbuka madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19? Mpango ulizinduliwa Oktoba 2021, Sh trilioni 1.3 za mkopo wa IMF kwa sekta mbalimbali, na ndani yake madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi (matawi ya shule za msingi), Sh milioni 20 kila darasa. Yalijengwa kwa miezi michache na mafundi wa kawaida chini ya kamati, ule utaratibu wa fosi akaunti. Watu walisifu usimamizi. Usimamizi ulikuwepo, sikatai, lakini siri kubwa ilikuwa kwamba fedha ziliingia kwenye akaunti za shule kwa mkupuo kabla fundi hajashika mwiko. Hakuna aliyejenga kwa kusubiri makusanyo ya ushuru. Ubaya wake ni bei moja kwa nchi nzima. Milioni 20 ya Kibaha na milioni 20 ya Mafia si fedha moja. Mafia mfuko wa saruji unavuka bahari.

#6 mama_kibubu

Naomba kuuliza wakubwa zangu, samahani kama natoka nje ya mada. Sisi ni kikundi cha akina mama, tumeomba ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii anasema fungu limepungua baada ya marekebisho ya bajeti, tusubiri Julai. Hivi na hilo nalo linahamishwa?

#7 Mchumi wa Kata

Mama, hujatoka nje ya mada hata kidogo.

Mikopo ile ipo kisheria tangu 2018, kifungu kilichoingizwa kama 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 serikali iliisimamisha ili kupanga upya utaratibu, ikarejea 2024. Halmashauri 10 ziliwekwa kwenye majaribio ya kupitisha fedha benki, zikiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, na nyingine zikaendelea na mfumo wa halmashauri ulioboreshwa.

Sasa sikiliza vizuri. Asilimia 10 haihesabiwi kwenye makisio, inahesabiwa kwenye kilichokusanywa. Makusanyo yakipungua, na yenyewe inapungua, hilo ni kweli. Lakini haiwezi kuwa sifuri wakati halmashauri imekusanya. Kwenye mfano wangu, kama bilioni 1.1 yote ni mapato yasiyolindwa, basi hadi 31 Desemba milioni 110 zilipaswa ziwe zimetengwa, na 44 kati ya hizo ni za akina mama. Juu yake kuna marejesho ya vikundi vilivyokopa awali, ambayo hayahusiani kabisa na makusanyo ya mwaka huu.

Kwa hiyo ukienda kwa afisa, usiulize "fungu limebaki?" Uliza halmashauri imekusanya kiasi gani hadi mwezi uliopita, na kimeingizwa kiasi gani kwenye akaunti ya mikopo. Akikupa namba mbili hizo, mengine utajua mwenyewe.

#8 mama_kibubu

Ahsante sana baba, Mungu akubariki. Nitakwenda Jumatatu na katibu wetu.

#9 Mkorosho

Huku kusini tuna ugonjwa wetu. Halmashauri nyingi za huku zinaishi kwa ushuru wa korosho. Mwaka wa fedha unaanza Julai, minada ya korosho inaanza Oktoba, ushuru unaanza kuonekana Novemba hadi Januari. Robo ya kwanza hakuna kitu, kavu kabisa. Sasa mapitio yakifanywa kwa takwimu za 31 Desemba unahukumu mwaka kabla mavuno hayajalipwa yote. Miradi inakatwa Januari, Februari fedha inaingia. Na ikishaingia hairudi kwenye mradi uliokatwa, inakutana na madeni.

Halafu msimu wa 2018/19 ndio tulijua maana ya kutegemea zao moja. Serikali ilinunua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo, soko la kawaida likasimama, na halmashauri zilizokuwa zimepanga madarasa kwa ushuru wa mnada zikabaki zinatazamana.

Usisahau pia mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiofika tani moja hautozwi. Mkulima alipumua, mimi mwenyewe ni mkulima, nilifurahi. Lakini kule wilayani kitabu cha miradi kilibaki na unene wake uleule.

#10 Jirani wa Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Hili jambo hata huku Kenya lipo, ila sheria imejaribu kuliziba. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 154, inamkataza afisa mhasibu wa kaunti kutoa pesa za miradi ya maendeleo na kuzipeleka kwingine isipokuwa kwa mradi mwingine wa maendeleo. Pia kaunti yafaa itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Na Katiba, Kifungu cha 223, inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa matumizi ya serikali ya kitaifa yasiyoidhinishwa mapema, na lazima idhini ya Bunge itafutwe ndani ya miezi miwili.

Mkisikia hivyo mtadhani tumefika Kanaani. Wapi! Afisa mhasibu amefungwa mikono, lakini bunge la kaunti halijafungwa. Bajeti ya nyongeza inaletwa, waakilishi wadi wanapitisha, na maendeleo yanapunguzwa kwa njia halali kabisa. Pesa kutoka Nairobi zikichelewa, mwaka unaisha miradi haijaguswa, mwaka unaofuata unaanza kwa kulipa madeni ya wakandarasi wa mwaka uliopita. Tofauti moja tu: bajeti ya nyongeza yafaa kushirikisha umma, kwa hivyo tangazo hutoka na mwananchi mkorofi anaweza kwenda mahakamani. Makueni walijenga sifa kwa hilo, wana kamati za miradi mashinani, na mradi haulipwi kamati isipotia sahihi.

#11 Bazazi Mstaarabu

Hapo kwa kamati kutia sahihi ndipo penye akili. Jirani umesomeka.

#12 Diwani Mstaafu

Nimesoma kimya kimya, nimeona niseme. Nilikaa barazani vipindi viwili.

Kwanza, msiuchukie uhamisho wa fedha kwa ujumla wake. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliposhuka Katesh, mlitaka halmashauri ziseme kasma (fungu la bajeti) hairuhusu? Mvua za El Niño za msimu ule zilikata barabara na madaraja sehemu nyingi, na daraja likikatika wajawazito hawafiki hata kwenye hiyo zahanati mnayoililia. Bajeti isiyoweza kurekebishwa ni mbaya kuliko inayorekebishwa hovyo.

Pili, dhambi kubwa ni yetu sisi madiwani, na hakuna aliyeitaja. Tukiletewa milioni 240 za mapato ya ndani kwa ajili ya maboma, kata ziko 24, unadhani tunafanya nini? Tunagawana sawa. Kila kata milioni 10, kila mmoja akaonyeshe kwake. Ni kama kuku mmoja wa harusi: kila meza imeonja, hakuna aliyeshiba. Milioni 10 haikamilishi zahanati popote. Inanunua kenchi bila bati, au bati bila milango. Mwaka unafungwa tuna maboma 24 yaliyosogea hatua moja, na hakuna jengo hata moja lenye mgonjwa ndani.

Kwa hiyo mapitio ya nusu mwaka yangeweza kuwa rafiki wa vijiji. Ndiyo nafasi pekee ya kusema: jamani, tumekusanya pungufu, tuache kugawana, tumalize nne zilizofika lenta na zenye watu wengi zaidi wasio na huduma. Nililijaribu hilo mara moja barazani. Nilizomewa, na uchaguzi uliofuata nikaambiwa niliuza fedha za kata.

#13 VEO wa Mlimani

Mheshimiwa, heshima kwako, ila hapo kwenye kata 20 zinazosubiri ndipo tatizo lilipo. Wananchi wangu wangekubali kusubiri kama wangejua zamu yao ni lini na nani aliiandika. Wasichokubali ni kuambiwa "mwaka ujao" kila mwaka, halafu wanaona kata ya mwenyekiti inaezeka.

#14 Diwani Mstaafu

Nakubaliana nawe mtendaji. Bila orodha ya zamu iliyopitishwa na Baraza zima na kubandikwa hadharani, nilichosema kinageuka mlango wa upendeleo. Orodha iwe na vigezo: jengo limefikia hatua gani, kituo cha karibu kiko umbali gani, kijiji kina watu wangapi, kimechanga kiasi gani. Marekebisho yakija, wa mwisho kwenye orodha anakatwa kwanza, na mtu akitaka kuruka foleni ataje kigezo mbele ya wenzake. Hata jirani zetu Waganda wana taabu yao: kwenye mpango wao wa parokia (kwao ni ngazi ya utawala juu ya kijiji) uliozinduliwa Februari 2022, kila parokia ilipangiwa shilingi zao milioni 100 kwa mwaka, yenye watu wengi na yenye watu wachache sawasawa. Kugawa sawa ni rahisi kueleza jukwaani, ndiyo maana kila mwanasiasa anapenda kugawa hivyo.

#15 Bazazi Mstaarabu

Haya Mchumi, naondoa ubishi. Mimi mwananchi wa kawaida, sina cheo, nifanye nini Januari hiyo? Usiniambie "tushiriki vikao", hilo tumelisikia tangu enzi za Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ule utaratibu wa vijiji kuibua miradi yao.

#16 Mchumi wa Kata

Swali zuri, na sikuambii ushiriki kila kikao. Nakuambia kikao kipi.

Vijiji vinatumia nguvu zote kwenye kuibua miradi, Oktoba na Novemba, wanaandika vipaumbele kumi, wanapiga kura kwa mawe, picha zinapigwa. Huko hakuna anayekatwa, kuandika hakuna gharama. Kikao chenye makali ni Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inayopokea taarifa ya robo ya pili, halafu Baraza linalofuata, kwa kawaida kati ya mwisho wa Januari na Februari. Kamati hutaingia. Baraza ni la wazi, unaingia, unakaa nyuma, unasikiliza. Watu watatu wa kijiji kimoja wakikaa nyuma ya ukumbi na daftari, namna diwani wao anavyochangia inabadilika, niamini.

Kabla ya hapo, Desemba, halmashauri ya kijiji iandike barua moja fupi. Mradi wetu umo kwenye bajeti ya mwaka huu, kiasi hiki, tumeshachangia hiki, tunaomba kujua fedha iliyopokelewa na kama kuna pendekezo la kuurekebisha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa afisa anayeombwa taarifa siku 30 za kujibu. Ikiandikwa mapema Desemba, majibu yanatakiwa kabla Kamati haijakaa. Hata asipojibu, kuna mtu ofisini ameshajua kwamba kijiji hiki kinafuatilia, na anayechagua cha kukata huanza na kisicho na mwenyewe.

La tatu ni la kiufundi, na Fundi ataniunga mkono. Mradi usioweza kuanza kesho ndio unaokatwa leo. Makisio yahuishwe kila Desemba kwa bei za sasa. Kamati za ujenzi, mapokezi na manunuzi ziwe zimeshaundwa kwa muhtasari. Akaunti ya kituo iwe hai. Na kwa kuwa manunuzi sasa yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, mwenye duka la vifaa mnayemtegemea awe amesajiliwa, maana fedha ikiingia Mei ndipo mnaanza kumtafutia usajili, Juni 30 inawakuta.

Hiyo Juni ni kifo kingine kabisa. Fedha ya ruzuku ikiingia mwishoni mwa mwaka na isipotumika, inarudi Hazina isipokuwa afisa masuuli, yaani mkurugenzi, ameomba ibaki kabla mwaka haujafungwa. Nimeona vijiji vinavyokatwa Januari kwa kukosa fedha, na vingine vinavyonyang'anywa Juni kwa kuwa nayo. Halmashauri ileile, mwaka uleule.

#17 Fundi wa Wilaya

Naunga mkono, na makisio yaandikwe kwa hatua. Usilete milioni 68 kama tonge moja. Andika: kuezeka kiasi hiki, milango na madirisha hiki, sakafu na lipu hiki, mfumo wa maji hiki. Pengo likitokea, angalau mnapewa ya kuezeka, jengo linakaa kavu. Anayeleta namba moja nzima anapata yote au hapati chochote.

#18 Mkorosho

Na huku kwetu tumeomba mapitio yafanyike kwa takwimu za mwisho wa Januari badala ya Desemba, kwa sababu ya minada. Hatujajibiwa, ila safari hii angalau mweka hazina aliambatanisha ratiba ya malipo ya minada iliyobaki. Miradi miwili ikaponea hapo.

#19 VEO wa Mlimani

Mkuu Mchumi, mawili ya mwisho. Ile asilimia 20 ya vijiji tuliyokuwa tukiisikia, ipo? Na barua ya Desemba niielekeze kwa nani, nisije nikaonekana namruka bosi wangu?

#20 Mchumi wa Kata

Asilimia 20 ilitokana na fidia baada ya kufutwa kodi ya maendeleo na vyanzo vingine vidogo mwaka 2003 na ule uliofuata, kwamba sehemu ya fedha ishuke vijijini. Wakaguzi wameandika zaidi ya mara moja kwamba haishuki kama inavyotakiwa. Usiijengee boma. Ikija, nunua daftari na karatasi za ofisi.

Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji, ipitie kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa diwani. Ukiipitisha kwa Mtendaji wa Kata hujamruka mtu. Isainiwe na mwenyekiti wa kijiji pamoja nawe, na uambatanishe muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha mradi na orodha ya michango ya wananchi ikiwa na jumla yake. Taja jina la mradi kama lilivyoandikwa kwenye kitabu cha bajeti, neno kwa neno, pamoja na namba ya kasma, maana "zahanati yetu" hawataikuta kwenye mfumo. Peleka nakala mbili masjala, na usiondoke mpaka ya kwako imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.